Hukumu ya Baraza la Kinanda

Naanza kwa jina la Mola Msikivu, aliyemjalia binadamu sikio kabla ya kumfungua ulimi. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na jamaa zake wema. Namwomba anilinde nisizidishe neno wala nisipunguze, kwa maana nitakaowataja wangali hai, na mmoja wao ni damu yangu.

Wa kwanza, kwa cheo alichojipa mwenyewe, ni Khaled, mtoto wa dada yangu Mwantum, muuza vipuri vya magari hapa Buyenzi. Utotoni nilimfundisha kusoma kwa tajwidi na kupima mizani ya beti. Akayaacha yote mawili, akashika kinanda. Tena hakushika kukipiga, alishika kukisikiliza. Marehemu baba yake alimwachia mashine ya santuri iliyotoka Ubelgiji, na sanduku la santuri za jazi, zote za kinanda kile cha umeme ambacho mpigaji hukishughulikia kwa mikono juu na kwa miguu chini, na sauti yake hutoka katika kabati lenye tarumbeta izungukayo ndani. Juu ya urithi huo Khaled aliunda baraza, akawa mwenyekiti, na hakuna aliyemchagua.

Wa pili ni Maxime, katibu wa Baraza, mwalimu wa lise, yaani sekondari, aliyestaafu kufundisha asistaafu kueleza. Wa tatu ni Loïc, ambaye kazi yake ni kucheka baada ya Khaled kucheka. Wa nne ni Geneviève, mama mwenye mgahawa Kajaga, ufukweni mwa ziwa, aliyenunua kinanda cha namna ile kwa mapadri waliokuwa wakifunga nyumba yao, pamoja na kabati lake.

Wa mwisho kwa mpangilio wao, naye ndiye mwenye kisa, ni Adolphe, Mkongo wa Uvira, mpiga kinanda wa kanisa moja la Mutakura. Nyumba yake ya Buterere ilichukuliwa na maji mvua zilipozidi, na tangu hapo yeye, mkewe Irène na watoto wao walikuwa wakilala juu ya mabenchi katika stoo ya kanisa. Geneviève alikuwa na vyumba viwili nyuma ya mgahawa, akaviweka kwa ajili ya mpigaji atakayemwajiri na jamaa yake. Alimwambia Adolphe kwamba yeye ni mtu wa samaki na mchele, hajui jazi. Basi amletee neno la Baraza la Khaled, kwa kuwa mjini inasemekana hakuna wajuao kuliko wao.

Inasemekana, nami nilijua ni nani waliokuwa wakisema.

Ilimu yenyewe ya Baraza nilikwisha kuisikia mara nyingi kuliko nilivyopenda. Wapiga kinanda wote wa dunia waliwapanga madaraja kama walivyopangwa wapokezi wa hadithi za Mtume. Juu kabisa walimweka mmoja aitwaye Lemuel Oakes, wakamwita Sultani. Chini yake, Verna Tisdale, ambaye Maxime alisema mguu wake wa kushoto pekee unatosha kuwa bendi nzima. Na chini ya huyo, Corliss Dade, ambaye kila mkutano walimshusha kisha wakamrudisha. Kila mmoja alikuwa na santuri yake isiyokosekana, ambayo asiyeisikia, walisema, hana haki ya kutamka neno jazi mbele za watu. Ya Oakes ilikuwa ile iliyonaswa katika ukumbi wa wachimba makaa, watu wakiwamo.

Na fadhila ya wote watatu, kwa ufafanuzi wa Maxime, ilikuwa moja: utulivu. Mpiga kinanda wa kweli, alisema, hutembea kama inyambo, ng'ombe wale wa kifalme wenye pembe ndefu, ambao hata mvua ikinyesha hawakimbii. Aliyapima mapigo yote ya ulimwengu kwa kipimo hicho. Kusikiliza kwa simu walikuharamisha kwa ukali ambao sijauona kwa mashekhe, wakasema sauti ya simu ni bati lililogongwa. Kaseti nazo walizitia katika hukumu hiyohiyo. Kilichokuwa halali ni kile kilichopita katika mashine ya marehemu tu.

Desturi moja waliiazima kwetu, katika mabaraza ya mashairi. Kwetu, washairi wawili wakishindana, mzee mmoja huketi akiwa shahidi, na hukumu haitoki nje ya nyumba mpaka neno lake liambatane nayo. Maxime aliipenda desturi hiyo, akaiandika katika kanuni zao kwa mwandiko mzuri. Waliiona pambo, na shahidi wakaniweka mimi, kwa kuwa mjomba wa mwenyekiti mwenye ndevu nyeupe huipa sebule heshima. Nilikuwa nikienda kwa haki ya udugu, nikanywa chai, nikasema sawa, nikaondoka kabla ya Magharibi.

Siku ya Adolphe tuliketi baada ya Alasiri. Alikuja na kinanda kidogo cha plastiki cha kanisani, amekifunga katika kitenge cha mkewe. Loïc alikitazama, akamwuliza Khaled kama betri zake ni za tochi au za redio. Khaled akacheka, kisha Loïc akacheka.

Kwanza waliweka santuri ya Sultani, kama kanuni inavyotaka, ili mtahiniwa ajue kipimo chake. Mtangazaji alinena kwa sauti nzito, watu wakapiga makofi mazito, kisha kinanda kikaingia kikijikokota. Maxime alifumba macho, chozi likamtoka. Sijui alikuwa na machozi mangapi ya akiba, lakini kwa mahali palepale pa santuri ileile nimemwona akilia tangu wajukuu wangu wakitambaa.

Ndipo wakamwambia Adolphe apige wimbo uleule. Akapiga. Mkono wa kushoto ulifanya kazi ya miguu, wa kulia ukasema, na wimbo ukaondoka kwa mwendo wa mtu aendaye arusini. Tena aliupiga juu kuliko ulivyokuwa kwenye santuri. Alipomaliza, Loïc alimwuliza kama anawahi basi la Uvira.

Khaled alikunja uso, akauliza ni nani aliyemharibu namna hii.

“Alinifunza baba, Papa Khaled,” akasema Adolphe. “Alikuwa na kaseti ya wimbo huu. Tuliisikiliza kule kwetu mpaka mukanda ukakatika.”

Maxime aliposikia neno kaseti alitazama dari. Akatoa hotuba kuhusu haraka ya kizazi hiki, jinsi wimbo unavyopandishwa juu na wasio na kifua cha kuushusha, na jinsi Sultani angelia kama angeusikia. Hukumu ikasomwa: Adolphe hafai, na mama wa Kajaga aarifiwe.

Adolphe alianza kukifunga kinanda, kisha akasimama na kitenge mkononi.

“Wazee, nitapiga polepole kama munataka. Hata polepole zaidi ya ile. Vyumba vile vina mulango, watoto watalala ndani ya nyumba.”

Khaled akamjibu kwamba utulivu hauazimwi kama koti. Kisha akanigeukia, kikombe cha chai mkononi. “Mjomba, tuwekee neno lako tumalize.”

Niliomba wairudie santuri, yale maneno ya mtangazaji peke yake. Walifurahi, walidhani nimeanza kuonja. Nikasikiliza kama nilivyofundishwa kumsikiliza msomaji: wapi anavuta, wapi anasimama, pumzi inaingia wapi. Mimi si mpenzi wa vinanda, lakini kifua cha binadamu nakijua. Kina kadiri yake, na msomaji akiivuka utamsikia akikatika. Mtangazaji yule alivuta neno moja mahali ambapo watu wawili wangepokezana, na pumzi yake ilipoingia ilikoroma kama fahali aliyelala nyuma ya ukuta.

Nikauliza huyu ni nani. Maxime akasema ni bwana mmoja mwenye kifua kikubwa, mwenyeji wa ukumbi ule. Nikamwomba asome jalada. Akasoma kwamba aliyewakaribisha wageni ni Bi Harriet Coombs, na pembeni palikuwa na picha ya msichana mwembamba aliyeshika kipaza sauti. Maxime alikuwa na maelezo ya hilo pia, tena ya siku nyingi: picha ni ya msichana, alisema, ila siku ya kunasa aliumwa, bwana akashika nafasi yake. Hakuna mahali popote palipoandikwa hivyo. Lakini hata mimi nilikiri moyoni kwamba kujenga bwana mzima kwa sababu ya kushindwa kuiuliza mashine si kazi ya mtu mvivu.

Ndipo nikawakumbusha jambo ambalo nyumba nzima ililijua. Mwaka aliofariki shemeji yangu, gurudumu dogo la mota ya mashine lilipasuka. Khaled alilipeleka kwa mchonga vyuma jirani na msikiti, na yule fundi, aliyezoea bushi za malori, akapima kwa kidole gumba, akachonga jingine. Mashine ikazunguka tena, ila kwa uvivu, wote wakashukuru, na toka siku hiyo wakaanza kufundisha utulivu.

“Adolphe mwanangu,” nikasema, “weka kidole ukingoni mwa santuri, uisukume taratibu, mpaka mtu huyu awe mtu.”

Akaweka kidole. Fahali akainuka usingizini, akapanda, akapanda, na bwana wa Maxime akatoweka. Msichana akazungumza, mchangamfu, akicheka katikati ya maneno. Makofi yakawa makofi ya watu. Kinanda kikaingia, nacho kikaingia palepale Adolphe alipopigia, kwa mwendo wake na kwa kimo chake.

Kutoka jikoni dada yangu Mwantum akauliza ni nani huyo mwanamke aliyeingia bila kupiga hodi.

Khaled aliinua mkono wa mashine, akaifunika santuri kama afunikaye maiti. “Apana, Mjomba. Baba aliacha mashine hii,” akasema. “Mashine ya baba haikosei.”

Maxime alipopata ulimi alipata wote. Akasema hata kama ndivyo, mwendo wa polepole ni bora, na kwamba Sultani mwenyewe angefika Buyenzi angejifunza kwetu. Akaongeza kosa la pili katika hukumu: mtahiniwa ameigusa santuri kwa kidole. Hukumu ikabaki, ikanenepa. Wakanigeukia niseme sawa.

“Andika,” nikamwambia Maxime. “Neno la shahidi ni hili: hukumu ni batili, na waliohukumu hawakuwahi kumsikia wanayemwita Sultani.”

Khaled alisema hilo si lazima lifike Kajaga. Nikamwomba katibu atusomee kanuni ya shahidi. Maxime akaitazama, mwandiko wake mwenyewe, ule mzuri, akamsogezea Khaled karatasi. Nikaegemea mto, nikaagiza chai nyingine, nikamjulisha mpwa wangu kwamba sina haraka. Nimefundishwa utulivu katika sebule hii. Mwisho Khaled akachukua simu, ile ya bati.

“Mama Geneviève, Baraza limemukataa,” akasema. Akanitazama. “Na mjomba anasema Baraza halikusikia kitu.”

Yule mama alicheka mpaka sote tukamsikia, kisha akataka apewe huyo mjomba. Nikamwambia neno moja: amsikie kwa sikio lake kabla ya kumsikia kwa midomo ya watu. Akasema basi aje kesho, na mama watoto aje auone mlango.

Mimi sikwenda, pale panauzwa vilevi. Lakini Irène alimtuma mtu kwa dada yangu na mikeke, samaki wa ziwani, iliyokaangwa na kufungwa katika kitenge kilekile, akasema watoto wamelala ndani. Dada yangu aliwapa wanabaraza waliokuwa sebuleni, nao wakala bila kuuliza samaki ametoka wapi.

Gurudumu halijabadilishwa. Maxime ameandika kwamba ziko njia mbili za kumsikia Oakes, ya umma na ya wateule, na kanuni ya shahidi ameifuta kwa mwandiko uleule mzuri. Bwana mwenye kifua kikubwa amerudishwa kazini, anaendelea kukaribisha wageni, na Maxime anaendelea kulia.

Ewe Mola, Adolphe umekwisha kumpa mlango. Nakuomba uwabariki waliobaki sebuleni kwa dada yangu: wape afya, wape umri, wazidishie machozi Maxime kwa kuwa anayatumia, na mmoja wao, hata Loïc, mjalie siku moja acheke kabla ya Khaled. Amina.