Kahawa ya Karugendo

Kaka yangu Karugendo alikuwa na pua ya kuudhi. Kazi yake ilikuwa kupokea kahawa kwenye ghala la ushirika Muleba, na kabla gunia halijashuka begani kwa mwenyewe, yeye ameshainua pua. "Hii ina kuvu." Mwenye gunia anaapa kwa Bikira Maria, anamwaga buni chini, buni safi kabisa. Karugendo anapasua chache, na kuvu imo. Alitueleza hadi tukachoka: kuvu inapokua hutoa hewa yake, na hewa hiyo husikika puani kabla jicho halijaona kitu. Na sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa.

Wifi yangu Joviana peke yake ndiye aliyejifunza. Sisi wengine tulicheka.

Vita ilipoanza, Karugendo akachukuliwa katika mgambo. Kabla ya kuondoka kijijini kwetu Izigo alichemsha mwenyewe akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna ambayo mgeni hupewa kabla hajaulizwa habari. Akaianika, akaifunga kwa majani makavu ya mgomba, akaining'iniza juu ya mafiga, kwenye moshi. "Hii tutaitafuna nikirudi," akamwambia mkewe.

Vita ikaisha. Wenzake wakarudi, yeye kimya. Joviana akawa anakishusha kile kifurushi na kukinusa, hadi siku moja nikamkuta analia: moshi, alisema, unakula harufu ya mikono ya Karugendo. Akakifungia kwenye sanduku la chuma, katikati ya mashati ya mumewe. Nilimwambia kahawa haikai sandukuni, hupata unyevu. Akaniambia nimwache. Jamani, ungembishia nini? Hata mimi nilimkumbuka kaka yangu hadi kelele zake.

Baada ya masika akaja Ndalahwa, Msukuma aliyekuwa vitani pamoja na Karugendo. Alisalimia, akakaa akiangalia nyasi za sakafuni, wala hakuinua macho. Mama, ambaye hakuwa akiona vizuri, alifurahi, akaniita.

"Skolastika, mgeni wa mwanangu hajatafuna kitu?"

Kahawa ya kutafuna ya mle ndani ilikuwa imekwisha. Nikasema nitaazima kwa jirani.

"Waitu! Aliyetoka kwa Karugendo atafune ya Karugendo."

Joviana akaenda chumbani, akakawia. Nilimwelewa. Mgeni akishatafuna atasema, na yeye hakutaka aseme. Hatimaye akaja na kifurushi, akakifungua polepole, akamimina kwenye kikapu kidogo. Kahawa nyeusi, inang'aa, mate yalinijaa mdomoni. Ndalahwa akachukua punje mbili akazipeleka kinywani.

"Acha!" Joviana akampiga mkono, punje zikatawanyika. "Usile, shemeji. Ina kuvu."

Mama alishikwa na aibu. Nikapasua punje moja: ndani kijivu. Na Ndalahwa, mwanaume mzima mwenye kovu shingoni, akaanza kulia.

"Ndivyo alivyotufanyia," alisema. "Tulikuta mahindi huko Masaka, tuna njaa. Karugendo akanusa, akaipiga teke sufuria. Tulimtukana siku nzima. Wenzetu waliokula yale mahindi walirudishwa nyuma macho yakiwa ya njano. Sisi tuko hai. Yeye alipigwa risasi baadaye, shemeji. Tulimzika kando ya barabara."

Joviana alikusanya punje zote, hata zilizoingia chini ya nyasi, akazirudisha katika majani yake. Karugendo alikuwa akisema kahawa yenye kuvu ifukiwe, kuku wasiidonoe. Kwa hiyo akachukua jembe akaenda kibanjani, kwenye migomba yetu, kando ya kaburi la baba, mahali ambapo Karugendo naye alipaswa kulala. Kuzuia kuku hakuhitaji shimo refu. Yeye alichimba hadi likamfika kiunoni, akakilaza kifurushi ndani, tukafukia pamoja.

Alipomaliza akapeleka viganja puani.

"Nasikia kuvu tu, wifi. Yeye simsikii," alisema. "Lakini kifurushi kile ndicho alichokishika. Sitaki kunawa."

Sabuni wakati ule ilikuwa adimu kuliko nyama, nami nilikuwa nimeficha kipande changu cha mwisho nikingoja Krismasi. Nikakileta. Nikamshika mikono kwa nguvu, kama ambavyo kaka angemshika, nikamnawisha hadi ndani ya kucha, yeye analia na mimi nalia, mpaka kile kipande kikaisha chote.