Mgeni wa Kwanza wa Tovuti ya Funguo

Baba mdogo ni kinyozi, na ana funguo nyingi kuliko gereza. Hakuna hata mmoja unaofungua kitu. Ni funguo zilizofiwa na kufuli zao: za masanduku yaliyoliwa na mchwa, za milango iliyobomolewa, za magari ambayo siku hizi ni masufuria. Anaziokota, anazing'arisha kwa dawa ya meno na kuzipanga kwenye kabati la vioo sebuleni. Ufunguo wa nyumba yake mwenyewe ndio hupotea kila wiki.

Mama mdogo alivumilia mpaka sahani alizopewa na dada yake zikakosa pa kukaa. Ndipo alipokuja kutoa hukumu palepale kwenye kibanda chake cha kunyolea, mbele ya mteja aliyenyolewa upande mmoja.

"Nionyeshe mtu mmoja tu, asiye ndugu yako wala mteja wako, anayejali hivi vyuma. Ikifika Jumamosi hayupo, kabati ni langu."

"Nitafungua tovuti," akasema baba mdogo. Mteja akaangua kicheko, akaambiwa atulie kama bado analipenda sikio lake.

Nikaitwa mimi, kwa kuwa nimemaliza sekondari, nasubiri matokeo, na katika ukoo wetu anayejua kubadilisha mlio wa simu ni mhandisi. Kompyuta yangu tuliiweka kwenye kiti cha kunyolea, ndicho kilichokuwa karibu na soketi. Baba mdogo kwa mazoea akaifunika shuka na kulifunga fundo nyuma. Kusema kweli ilipendeza.

"Kwanza tuchague mfumo," nikamwambia. "Mfumo ndio unaopanga kurasa na picha. Wewe kazi yako ni kuandika na kubonyeza, inatokea mtandaoni. Bila huo nitajenga kila ukurasa kwa mkono, nizeekee hapa."

"Chukua ulio mzuri."

"Yote inajisifu kuwa mizuri, baba mdogo. Kama wachumba."

Wa kwanza tulioujaribu ulikuwa na vitufe kila kona. Kuweka picha moja, ulitaka aina, kundi, cheo cha mhariri na saa ya kuchapisha. "Nimekuja kuweka ufunguo, ananiuliza jina la babu," akalalamika baba mdogo. "Huyu ni afisa. Mwingine."

Wa pili ulikuwa na sura nzuri mpaka wateja wakanyanyuka kwenye benchi kuutazama. Lakini kila badiliko lilihitaji uandike amri kwenye dirisha jeusi. Baba mdogo akalichungulia dirisha lile kama mtu anayechungulia kisima.

"Ukienda chuo, nani ataniandikia humo?"

"Hakuna."

"Basi tumuage kwa heshima."

Wa tatu ulikuwa mwepesi: unaandika, unaburuta picha, unabonyeza "Chapisha", umemaliza. Tena ulikuja na mitindo ya kuchagua, na hapo tukawa tumefika nyumbani, maana nyuma yetu ukutani palining'inia bango la mitindo ya nywele yenye namba. Baba mdogo aliipitia mmoja mmoja kwa jicho la kazi. "Huu umekatwa vibaya pembeni. Huu wa vijana. Nipe huu, safi, kisogo wazi."

Nikaupakia mfumo kwenye seva, kompyuta ya mbali itakayoibeba tovuti. Nikatengeneza hifadhidata, nikamweleza kuwa hiyo ndiyo kabati lenyewe, ila la ndani.

"Nenosiri tuweke nini? Kitu ambacho mama mdogo hawezi kubahatisha."

"Weka jina langu. Tangu tuoane hajalitaja."

Nikabonyeza "Sakinisha". Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Baba mdogo akazima mashine ya kunyolea, feni nayo ikazimwa, wateja wakabana pumzi. Katikati mstari ukasita. Baba mdogo akachukua brashi na kuipangusa kompyuta nywele za shingoni, na mstari ukaendelea. Hadi leo hakuna atakayemwambia kuwa si yeye aliyeusukuma.

Ukafika mwisho. Tovuti ipo. Nikazipiga picha funguo za kwanza juu ya taulo jeupe, yeye akaziandikia maelezo. Kisha nikatoka kununua maji.

Niliporudi nilikuta kibanda kimejaa. Mama mdogo ameitwa, kaja na mwiko mkononi. Baba mdogo anasoma kwa sauti, kifua mbele: "'Habari! Hongera kwa tovuti yako mpya. Haya ni maoni.' Anaitwa Mchangiaji. Na nimeshamjibu."

Nikasoma jibu lake. *Ahsante sana ndugu Mchangiaji, karibu sana. Unatokea wapi? Familia haijambo?*

"Baba mdogo," nikasema taratibu, "huyo si mtu. Ni mfano. Kila anayesakinisha mfumo huu anamkuta humo, na anasalimiwa hivyohivyo."

Mama mdogo hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliuliza tu kama sahani za supu zitasimama wima kwenye kabati. Nikamfuta Mchangiaji, lakini wateja hawakumfuta. Wiki nzima kila aliyeingia alimuuliza baba mdogo, "Familia ya Mchangiaji haijambo?"

Jumamosi asubuhi tulikuwa sebuleni. Mama mdogo alikwishaanza kufungua sahani zilizofungwa kwenye magazeti. Simu yangu ikalia: maoni mapya.

"Mwambie Mchangiaji nimelala," akasema baba mdogo, bila kuinua kichwa.

Nikasoma. "'Ule ufunguo wenye masikio kama ya kipepeo umeuandika wa sanduku. Si kweli. Ni wa kujazia saa ya ukutani. Uangalie kwa mbele, tundu lake ni la mraba. Najua kwa sababu saa ninayo, imesimama tangu nilipoirithi. Ufunguo ndio sina.'"

"Mfumo umejifunza uongo," akasema baba mdogo.

Mama mdogo akaweka sahani chini. Akafungua kabati, akautoa ule ufunguo. Picha niliupiga mwenyewe, kwa ubavu. Tundu halikuonekana kabisa. Akausogeza dirishani, akafumba jicho moja.

"Mraba," akasema.

Baba mdogo aliruka kutoka kwenye kiti, akachungulia, akachungulia tena. "Miaka yote nang'arisha ubavu." Akaanza kucheka huku anazunguka meza. "Ananibishia. Mtu nisiyemjua kabisa ananibishia ufunguo wangu." Sijawahi kumwona mtu akifurahi hivyo kuambiwa amekosea.

Alikaa mbele ya kompyuta, vidole hewani, asijue aanze na lipi. Nyuma yake nikasikia karatasi zikikunjwa. Mama mdogo alikuwa anazirudisha sahani kwenye magazeti, moja moja, kama mtu asiye na haraka.

"Mwambie aje na saa yake," akasema. "Na familia muulize. Huyu anayo."