Kidole Pembeni mwa Ukurasa

Saa sita mchana Arvind alipofunga duka la spea na kupanda juu kula, mkewe Hemlata ndiyo kwanza alikuwa akishuka. Mkononi alishika bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na kitabu kizima cha marehemu mama yake, kimekondeshwa mpaka kikawa kipande kimoja cha filamu kisichozidi kadi ya posta.

Nyuma ya kaunta ilikaa mashine ambayo kampuni ya malori ilimwazima Arvind mwaka uliopita, 1975, badala ya vitabu vya spea vilivyokuwa vimejaza kabati mbili. Unachomeka kadi ya filamu chini, unawasha balbu, na ukurasa usiozidi ukucha unatokea kwenye kioo, ukiwa mkubwa kama trei ya chai. Yotamu, muuzaji wa pale dukani, aliiita sinema ya nati. Madereva wa barabara ya Zambia walipenda kuinama kuitazama hata kama shida yao ilikuwa fani belti tu.

Hemlata alikuwa mpweke, tusizunguke. Zamani mtaa wao wa pale Iringa ulikuwa na familia nyingi za Kigujarati, na jioni vitabu vilitembea nyumba hadi nyumba pamoja na bakuli za achari. Kisha milango ikaanza kufungwa, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho kuondoka alikuwa Fatema wa jirani, aliyehamia Uingereza na kumwachia vyungu viwili vya maua na ukimya. Yeye na Arvind, Mungu hakuwajalia watoto. Arvind hakuwa mtu mbaya, ila kusoma kwake kuliishia kwenye namba za spea.

Ile kadi ilitoka kwa Sharda, mdogo wa Hemlata, ambaye Hemlata hakuwa akimjibu barua. Mama yao alipofariki Mbalizi, miaka mitatu nyuma, aliacha daftari alimoandika kwa mkono hadithi alizowasimulia utotoni. Sharda, aliyekuwa akifunga mizigo kwenda Uingereza na mumewe, alilitia sandukuni bila kumuuliza mtu. Hemlata akaapa hatamwandikia tena, na kwa ukaidi hakuwa na mpinzani. Barua za Sharda zilikuja, yeye akazisoma na kuzitia kwenye mkebe wa biskuti bila kujibu hata moja.

Mwishoni mwa mwezi wa sita ikaja hii. "Kazini kwetu tunapiga picha nyaraka za ofisi," Sharda aliandika. "Nimeiba muda wa chai siku nne. Daftari lote limo, kurasa arobaini. Fatema ameniambia mna mashine ya kulisomea."

Basi Hemlata akaanza kusoma, ukurasa mmoja kwa siku ili kisiishe upesi, maana baada ya hicho hapakuwa na kingine. Kusoma kwenyewe kulikuwa na adha zake. Herufi zilitokea nyeupe juu ya weusi, mwandiko wa mama umegeuzwa kama chaki ubaoni. Kitabu hakikai mapajani, hakikunjwi pembe, hakiendi kitandani. Hakinuki moshi wala samli kama lile daftari lilivyonuka. Siku moja mguu wake uligonga meza ya mashine, na kwa mazoea ya kwao ya kuheshimu kitabu ukikigusa kwa mguu, akagusa kioo kisha paji la uso. Akacheka peke yake. Kicheko kikaisha mapema kwa kuwa hapakuwa na wa kumhadithia.

Na kulikuwa na lile doa. Kila ukurasa, pembeni chini, palikuwa na ukungu mweupe uliofunika maneno mawili matatu. "Hata kupiga picha hajui," alinung'unika. "Amechukua daftari zima, na mimi ananinyima hata pembe zake."

Mwezi wa saba, Jumatatu moja ya baridi, Arvind alishuka na barua. "Biashara ya spea za malori inakwenda kwenye shirika la umma," alisema. "Gari linakuja Jumamosi kuchukua mashine."

"Na kitabu cha mama?"

"Kadi ni yako, Hemlata. Hawataigusa."

Alisema kweli, na ndiyo maana iliuma. Kadi bila mashine ilikuwa plastiki. Hemlata hakujua mashine nyingine kama ile kati ya Morogoro na mpaka wa Zambia. Alikuwa amesoma kurasa kumi na mbili tu. Siku hiyo hiyo akamtuma Yotamu daftari la shule na kalamu mbili, akaketi kunakili tangu mwanzo. Kama mama atatoka mle, atatoka kwa mkono wake.

Alinakili Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, mgongo umepinda, balbu ikimchoma uso huku miguu ikiganda kwa baridi. Yotamu alikuwa akirudi kutoka kula, anaketi nje kwenye ngazi mpaka saa nane, na akija mteja anamwambia duka halijafunguliwa.

Ijumaa alifika ukurasa wa thelathini na moja. Doa lilikuwa limepanda juu kuliko siku zote, limekalia maneno yenyewe. Akazungusha kirungu cha kusafisha picha, kidogo, kidogo tena. Ukungu ukakusanyika, ukapata kingo. Lilikuwa dole gumba, limekandamiza karatasi ili daftari lisijifunge. Na ukucha wake ulikuwa umepasuka katikati, vipande viwili, kama punje ya kahawa.

Hemlata aliuachia mkono wake ukaanguka mapajani.

Ukucha ule aliupasua yeye. Walikuwa Mbalizi, yeye ana miaka kumi, Sharda saba, wakigombea nafasi ya pembeni mwa mama jikoni. Hemlata alibamiza mlango wa stoo, na kidole cha mdogo wake kilikuwa kwenye bawaba. Alimwambia mama ni upepo. Mbalizi kuna upepo, mama akaamini, au alijifanya kuamini. Sharda alijua, na hakusema. Ukucha uliota vipande viwili, na kila kipupwe kidole kiliuma, mama akakipaka samli ya moto huku akisimulia. Hadithi nyingi za daftari lile zilisimuliwa kwa ajili ya kidole hicho.

Jumamosi zilikuwa zimebaki kurasa tisa. Angekaza mkono, angezimaliza. Badala yake alirudi ukurasa wa kwanza na kutazama kidole, ukurasa kwa ukurasa, akizungusha kirungu mpaka ukucha utokee. Mwanzoni kilibonyeza kwa nguvu, kidole cha mtu mwenye haraka ya kazi. Kufikia wa ishirini kilikuwa kimelegea. Kwenye hadithi ya fisi na harusi kilikuwa kimesogea chini ya mstari wa mwisho, kama cha mtu anayefuata maneno, na Hemlata akaelewa kwamba Sharda alikuwa amesimama kusoma, chai yake ikipoa. Akaweka dole gumba lake juu ya lile la kwenye kioo. Kioo kilikuwa cha moto. Alilia, na hakujifuta.

Gari lilipiga honi. Yotamu aliingia taratibu, akasimama mbali kidogo na mashine.

"Mama, watu wamefika. Umemaliza?"

"Nimebakiza kidogo."

"Niwaambie wangoje? Wakanywe chai kwanza?"

"Hapana, Yotamu. Izime tu."

Wakaibeba. Kwenye meza ukabaki mraba mweupe usio na vumbi. Hemlata alipanda juu, akatoa barua zote kwenye mkebe wa biskuti, akazipanga kwa tarehe, kisha akachukua karatasi. Alidhani ataandika juu ya daftari, nani alikuwa na haki nalo. Aliandika haya tu:

"Sharda, kurasa tisa za mwisho sijazisoma. Nisomee wewe, moja moja, kila ukiniandikia. Huko kwenu nasikia baridi ikija ni kali. Kidole bado kinauma? Haukuwa upepo. Kipake samli ya moto."