Watoa Taarifa Kumi na Wanne

Wengine huisoma tasnifu kuanzia mbele. Mimi huanza nyuma, kwenye marejeleo, maana huko ndiko wasomi huvuliwa nguo. Nina miaka kumi na tisa katika chumba namba nne cha maktaba ya chuo: meza moja, feni inayozunguka ikipenda, na muhuri mmoja wenye neno IMEHAKIKIWA. Bila muhuri huo ofisi ya mitihani haipokei kazi ya mtu, awe mtoto wa nani. Nimeona watu wazima wenye vitambi na vyeo wakitoa jasho mbele ya ukurasa wa mwisho kuliko mwizi wa kuku.

Jumatatu hiyo aliingia shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Nyumbani tunamwita Bosi, na yeye anadhani ni sifa. Akaitua mezani tasnifu yake ya uzamili, kurasa mia moja na arobaini, kama mtu anayetua mzigo wa mwenzake.

"Shemeji, hii ni ya kugonga tu," akasema bila kukaa. "Mwisho ni Ijumaa saa sita mchana. Nikichelewa, umeneja wa kanda anapewa yule bwege wa masoko."

"Kwani nimegonga lini bila kusoma?"

"Sasa marejeleo nayo ni ya kusomwa? Si majina tu hayo!"

Akatoka akiongea na simu. Asiyejua maana haambiwi maana, kwa hiyo sikumwambia kitu. Nikafungua nyuma.

Jamani! Kulikuwa na kitabu chenye mchapishaji lakini kisicho na mwandishi, kama mtoto wa kuokotwa. Kitabu kingine kilitajwa mara tatu, kila mara na mwaka wake. Kulikuwa na tovuti ambayo Bosi, kwa maandishi yake mwenyewe, aliisoma tarehe thelathini Februari. Makala moja ilianza ukurasa wa themanini na nane ikaishia wa sitini na moja. Labda aliisoma akirudi kinyumenyume. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hukosea nukta na mkato, na hao nawasamehe, wanajifunza. Bosi hakukosea. Bosi alidharau. Kwake yeye, kumtaja mtu uliyechukua neno lake ni kazi ya makarani.

Siku mbili nzima kalamu nyekundu haikupumzika. Jumatano mchana nikafika kwenye orodha ya watoa taarifa. Utafiti ulihusu mafundi wa mitaani na jinsi wanavyoishi na vifaa vipya: watu kumi na wanne, kila mmoja na jina kamili, kazi, umri na tarehe ya mahojiano. Wa tisa alikuwa fundi saa, miaka sabini na moja, alihojiwa tarehe tatu Juni mwaka jana. Nikalisoma jina mara mbili. Majina yote matatu yalikuwa ya baba yangu.

Baba alifariki miaka minne iliyopita. Bosi alibeba jeneza, upande wa kushoto, kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa na simu.

Hasira ilinipanda mpaka herufi zikacheza machoni. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa imekatiza juu ya kaburi la baba. Nikampigia mdogo wangu simu aje ofisini. Nilitaka aone mwenyewe ameolewa na mtu gani. Nakiri, siku hiyo nilikuwa nimeingoja miaka kumi na miwili, tangu harusi.

Alikuja Alhamisi asubuhi baada ya kupeleka watoto shule, kanga bado begani. Nikamgeuzia orodha, nikaweka kidole kwenye namba tisa, nikangoja apige yowe.

"Kumbe umeshafika hapo," akasema.

"Ulijua?"

"Nimeandika mimi, dada. Sura zote tano. Yeye alisema hana muda." Alisema kama anayenieleza kwamba amefua. "Wale kumi na watatu niliwafuata mwenyewe kwa miguu, kibanda kwa kibanda. Baba nikamwandika kwa yale aliyonieleza wakati namuuguza. Mahali pa tarehe na umri wake nikapaacha wazi. Alisema marejeleo atamalizia mwenyewe, eti ni kazi ndogo."

"Ungeandika kwamba ni marehemu, lakini. Au ungemtoa. Mahojiano yenyewe hayakuwepo."

"Najua hayakuwepo. Nilitaka nione akifika kwenye jina la baba atafanya nini. Nilidhani atakuja jikoni aniulize."

Hakwenda jikoni. Alijaza tarehe tatu Juni, akasonga mbele hadi namba kumi. Hata neno fundi saa halikumgutusha.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya tangu Jumatatu: nikafungua katikati, nikasoma. Baba alisimulia kwamba saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, aliendelea kuzitia ufunguo kila asubuhi, ili mtu akija hata baada ya miaka asikute saa yake imesimama. Sikuwahi kulisikia hilo. Mimi, mkubwa, msomi wa nyumba ile, nilimletea baba dawa na magazeti, lakini sikumuuliza kitu. Nikajiona mdogo kama punje.

"Nimeandika vizuri?" mdogo wangu akauliza, macho yake yakiwa kwenye feni.

"Kuliko wote waliopita hapa mwaka huu," nikamjibu, na ilikuwa kweli. "Lakini siwezi kuigonga. Si kazi yake."

"Sijaja kukuomba ugonge. Naomba usimkatalie mpaka nimuulize kitu mbele yako. Hapa, siyo nyumbani. Nyumbani atawasha televisheni. Miaka yote nimekuwa nikimjibia mwenyewe: amechoka, ana kazi nyingi, ndivyo alivyo. Akijibu sawasawa, nitarudi naye tuyaongee. Akikosea, mimi na watoto tutahamia kwako."

"Chumba kipo," nikasema.

Ijumaa saa tano na nusu Bosi aliingia amevaa suti, akanukia mpaka kwenye makabati. Alipomwona mkewe amekaa kwenye kiti cha wageni, akakunja uso.

"Na wewe huku umefuata nini?"

"Nina swali moja tu."

Nilikuwa nimeiweka orodha mezani na kufunika kwa karatasi safu ya kazi, ya umri na ya tarehe. Yalibaki majina kumi na manne peke yake. Mdogo wangu akaisukuma kwa mumewe taratibu.

"Mmoja wa hawa ni baba yangu," akasema. "Nionyeshe."

Bosi akacheka. Akanitazama nimsaidie kucheka, nami nikamtazama tu.

"Baba yako si Mzee Saa? Mambo gani haya, mama watoto, leo tena?"

"Jina lake. Lilisomwa siku tunaoana, likasomwa siku tunamzika. Limo humo kwenye tasnifu yako."

Akainama. Kidole chake kikashuka polepole, kikapita la pili, kikasita kwenye la tatu. Nilitaka, Mungu anisamehe, nilitaka kwa mara ya kwanza huyu mjinga apatie. Kidole kikasimama kwenye namba nne.

"Huyu hapa," akasema kwa sauti ya mkutanoni.

Mdogo wangu akaivuta karatasi pembeni. Namba nne alikuwa mshona viatu wa miaka thelathini na mmoja.

Mdogo wangu akasimama. Akanipa mkono, akachukua mkoba wake, akatoka, na nikasikia viatu vyake vikiteremka ngazi bila haraka. Bosi aliusikiliza mlango ukijifunga. Kisha akatazama saa yake ya mkononi na kuisogeza tasnifu karibu na muhuri.

"Shemeji," akasema, "zimebaki dakika ishirini. Gonga basi."