Wakunga Wawili

Mkunga aliingia chumbani na kelele zake, simu juu: huko nje wakunga hawatoshi, na viza yake imetoka! Anaondoka Ijumaa! Dada yake, mimba ya mapacha imemlemea kitandani, akanuna.

“Sasa mimi atanizalisha nani, mdogo wangu? Mlinzi wa getini?”

“Acha hizo, dada. Zahanati namwachia mwenzangu. Mkono wake mwepesi kuliko hata wangu.”

Simu ikalia papo hapo. Alikuwa huyo mwenzake, anapiga vigelegele mpaka dada akasikia kila neno: “Shoga, na mimi nimepata! Tunapanda ndege moja!”

Zahanati ile haikuwa na mkunga wa tatu.

“Hongera, shoga,” mkunga akasema, kisha akaanza kupanga nguo zake kwenye begi, kitanda kakipa mgongo.