Jirani wa Tatu katika Shimo la Mahamudu

Jumatano moja, saa tisa alasiri, Mado alisimamisha katuni ili aongeze mafuta kwenye jenereta. Ukumbi wake wa video pale Wamaza ulikuwa na mabenchi sita, turubai la bluu juu, na televisheni moja iliyofungwa kwa mnyororo. Watu walikuwa wanatazama familia ya daktari wa meno, kichekesho cha kila wiki ambamo baba, mama na watoto wanagombana mpaka wanachoka, halafu wanakula keki. Picha ilikuwa imesimama pale kabati linapomwangukia jirani yao. Mado alipowasha tena, kabati lilianguka patupu. Jirani mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma kati ya wachimbaji wawili, anatazama kama wao. Mado alimwambia asogee kidogo, watu wengine nao wakae.

Ndani ya katuni hakuwa na jina. Mwishoni, majina yanapopita, aliandikwa tu Jirani wa Tatu, na Wamaza nao walimwita hivyo. Kazi yake ilikuwa kuangukiwa. Wiki hii kabati, wiki ijayo tangi la maji. Anakuwa bapa, anasema "Haiko kitu," na habari yake inaishia hapo. Maneno hayo alipewa na Yves, kijana anayesimama kando ya televisheni na kuwatafsiria watu Kifaransa. Wiki ileile walitoka kwenye katuni wengine wawili wa aina yake. Polisi ambaye suruali humvuka alipanda pikipiki hadi Kasongo, akapewa kusimamia kizuizi cha barabarani. Mama anayekalia keki alifika Nyangwe na sasa anauza samaki.

Jirani alikuwa na vidole vinne kila mkono, shati la njano lisiloshika uchafu, na mstari wa wino mweusi uliomzunguka mwili mzima. Kila aliposema neno, kicheko cha watu wengi kilisikika, wala hakuna aliyejua kinatoka wapi. Siku za kwanza watu waliinua macho kutazama turubai. Baadaye walikizoea, kama unavyozoea redio ya nyumba ya pili.

Mtu asiye na kazi Wamaza hupanda mlimani kutafuta dhahabu, na yeye alipanda. Aliyempa kazi ni Mahamudu, mwenye shimo, ambaye huko mlimani huitwa PDG, yaani mkurugenzi mkuu, kana kwamba ana ofisi na lifti. Katika shimo hilo alifanya kazi pia Nathanaël, boiseur, yaani mtu anayekata miti na kuisimamisha ndani ili udongo usishuke. Mke wake, Apolline, aliuza bugali na maharage chini ya mlima. Watu walimwita Mama Rosine, kwa jina la binti yao.

Jirani hakumaliza juma zima kabla jiwe halijamwangukia, tena pembeni ambako Nathanaël hajafika na miti yake. Ulisikika mluzi mrefu, kama ule wa katuni kitu kinapoanguka, kisha kishindo. Wachimbaji walimvuta kwa mguu, akatoka akiwa bapa kama mkeka, wakamkunja na kumpeleka kwa Mado. Jumatano saa tisa, katuni ilipoanza, alikunjuka, akasema "Haiko kitu," kicheko kikapita, naye akarudi kazini. Juma lililofuata ikawa hivyohivyo. Na lililofuata.

Sasa, wachimbaji wa huku wanaamini kwamba kila shimo lina fungu lake. Litachukua mtu mmoja, halafu litatulia na kutoa mchanga mzuri. Wakapiga hesabu zao. Shimo la Mahamudu lilikuwa linachukua mtu kila juma, bila kukosa, na mtu yuleyule, wala hakuna matanga. Hakukuwa na shimo lililoshiba kama lile katika Kabambare nzima. Hesabu hiyo waliikubali watu wazima wenye akili zao, na katekista akiwa mmoja wao.

"Muti ni ya kazi gani tena?" Mahamudu aliwaambia. "Shimo inakula kila juma. Imeshiba."

Nathanaël akaacha shoka, akapewa nyundo na mtaimbo, awe mchimbaji kama wengine. Miti aliyokwisha kuikata ilibaki imelala mdomoni mwa shimo. Apolline alipopata habari hiyo alifua kitenge chake kizuri, akakivaa, akapanda kwa Mahamudu.

"Papa Mahamudu, ninakuja kuomba muti irudi mu shimo."

"Mama Rosine, karibu, ikala. Ule Jirani aliangukiwa mara ngapi? Alikufa?"

"Ule ni mutu ya televizio. Bwana yangu alizaliwa na mama yake."

"Shimo haiulizake mutu anatoka wapi. Inachukua tu."

"Na kama haimuhesabu?" Apolline alisema. "Kwabo kwenyewe hawamuhesabu. Hawakumupa hata jina."

Mahamudu alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. Alinunua mabati ya msikiti na ya kanisa pia. Akasema wataona.

Jioni Apolline alimuuliza mumewe kama anaujua udongo ule.

"Ninaujua sana," Nathanaël alisema. "Iko na maji ndani."

"Sasa?"

"Sasa Rosine atakula nini?"

Apolline alipakua chakula kwa hasira. 

Udongo ulishuka Jumatatu kabla ya adhuhuri. Mluzi ulisikika mmoja tu, na watu waliokuwa chini walikuwa wawili. Jirani walimtoa kwanza, wakamkunja. Nathanaël walimtoa baadaye, na huyo hakukunjika. Walimlaza juu ya ubao, wakampangusa uso kwa mashati yao, kisha mmoja akauliza, kwa adabu kabisa, kama na huyu apelekwe kwa Mado.

Apolline alikuwa amepanda mbio kutoka chini. Alitazama uso wa mumewe, akatazama midomo ya watu, akangoja mmoja wao aone aibu. Hakuna aliyeona.

"Tungoje Jumatano, Mama Rosine," Mahamudu alisema kwa sauti ya upole. "Usilie mbele ya wakati."

Naye hakulia. Hilo ndilo lililomtisha siku zote zilizofuata, kuliko hata ule udongo: kwamba yeye, aliyeliona kosa tangu mwanzo, alirudi nyumbani akafua suruali ya mumewe na kuianika, ili Jumatano awe na nguo kavu.

Jumatano ukumbi ulijaa hadi nje. Nathanaël alilazwa mbele ya mabenchi, chini ya televisheni, na Jirani aliyekunjwa kando yake. Watu walikuwa wamekuja na viti vyao. Apolline aliona mama mmoja akimgawia mwanawe karanga, akataka kuinuka, lakini akabaki amekaa. Saa tisa Mado akawasha. Daktari wa meno aliingia, mkewe akamfokea, na Jirani akakunjuka, akasimama.

Nathanaël hakusimama. Walingoja ugomvi uishe. Walingoja keki iliwe. Majina yalipita hadi la mwisho, na Yves, kwa mazoea, akayasoma kwa sauti.

Jirani alimtazama yule mtu aliyekuwa akila naye maharage. Alimshika bega kwa vidole vyake vinne, akamtikisa. Machozi mawili makubwa ya bluu yalimtoka, yakabaki yamening'inia hewani karibu na mashavu. Alitaka kusema kitu. Mtu yeyote aliyekuwapo angeliona hilo. Lakini maisha yake yote alikuwa amepewa maneno mawili tu.

"Haiko kitu," alisema, na sauti ilimkatika katikati.

Kicheko kikaja. Kilikuja kikubwa na kirefu kuliko siku zote, na makofi juu yake. Jirani aliziba mdomo kwa mikono yote miwili, nacho kiliendelea.

"Zimeni!" Apolline alipiga yowe. "Zimeni hiyo kitu, maiti ya mutu iko hapa!"

Mado alizima televisheni. Akazima na jenereta. Kicheko hakikukoma, maana hakikuwa kinatoka huko. Watu waliinamisha vichwa na kukingoja kiishe, kama watu waliokutwa na mvua, mpaka kikaisha chenyewe. Hapo ndipo wanawake walipoanza kulia, siku mbili baada ya kifo.

Walimzika Alhamisi. Mahamudu alileta sanda, gunia la mchele, na ile miti yote iliyokuwa mdomoni mwa shimo, ili watu wa matanga wapate moto. Alikuwa na huzuni ya kweli, macho yake yalikuwa mekundu. Alimpa Apolline mkono mbele ya wote.

"Ulisema kweli, mama," alimwambia. "Ule Jirani haikumuhesabu. Sasa ndiyo imechukua mutu. Sasa shimo imetulia kabisa."

Wanaume walioizunguka miti iliyokuwa inawaka waliitikia kwa vichwa. Apolline aliuvuta mkono wake.

Jirani hakuitwa tena kazini, kwa sababu hakuhitajika. Sasa humchotea Apolline maji na kumletea bila kusema neno.

Jumatatu iliyofuata shimo lilifunguliwa tena. Kwa kuwa shimo lililokwisha kuchukua mtu wake ndilo linalotafutwa, vijana walikuja kwa pikipiki kutoka Kabambare na Kasongo, wengi kuliko wakati wowote. Apolline alisimama kwenye njia ya kupandia, mahali ambapo hakuna awezaye kupita bila kumgusa, akamwambia kila mmoja kwamba ndani hakuna mti hata mmoja, na udongo una maji. Walimsikiliza. Walivua kofia, wakamshika mkono, wakamwambia, "Pole sana, Mama Rosine," mmoja baada ya mwingine, kisha wakapanda na kuteremka shimoni.