Pole na Kazi, Bwana Pyo

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeajiriwa Korea, na siku ya kwanza tu nimechelewa.

Kabla sijaendelea, mnielewe. Mimi naitwa Nasikiwa, ni karani kwenye kampuni moja ya mbegu hapa Morogoro, na wiki nzima hii nimekuwa nikitazama tamthilia ya Kikorea inayohusu ofisi. Ya kuchekesha. Kuna Meneja Namgung anayelala akiwa amesimama. Kuna mwenyekiti wa kampuni, ambaye akipita watu wote wanainama mpaka tai zinafagia sakafu. Na kuna Bwana Pyo, karani kama mimi, ambaye kila kazi isiyo na mwenyewe inaishia mezani kwake. Mama yake anaamini mwanawe ndiye mkurugenzi. Kila jioni anampigia simu kumuuliza kama ameshawafukuza wavivu. Nampenda Bwana Pyo mpaka basi.

Naitazama iliyotafsiriwa, ile ambayo jamaa mmoja anawasemea wahusika wote kwa Kiswahili, wanaume kwa wanawake, watoto na mbwa, kwa sauti yake hiyohiyo nzito, na katikati anachomekea maneno yake mwenyewe.

Sasa Ijumaa bosi wetu, mzee Kalolo, alituita akasema Jumatatu idara yetu itapunguza mtu mmoja. Alisema hivyo akiitazama feni. Nikatoka pale, nikarudi nyumbani nikawawasha Wakorea wangu ili nicheke. Na nilicheka, siwadanganyi. Jana jioni nimefika pale mwenyekiti anaingia, ofisi nzima imeinama, Bwana Pyo yuko mbele kabisa, umeme ukakatika. Nikalala palepale kwenye kochi na hasira zangu.

Basi, nipo kwenye lifti.

Lifti inaniuliza, "Umezaliwa mwaka gani?"

"Kwa nini?"

"Nijue nani amwamkie mwenzake."

Nikaitajia mwaka. Ikapiga hesabu, kisha ikasema, "Niamkie. Mimi ni mkubwa."

"Shikamoo, lifti."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda wapi?"

"Ofisini kwa kina Bwana Pyo."

"Maskini," ikasema, ikanipandisha.

Mlango unafunguka, na mbele yangu ni ofisi yetu ya Morogoro. Feni ileile, madirisha yaleyale ya nyavu, magunia ya mbegu za mahindi yaleyale. Ila waliomo ni Wakorea, na wote wameinama. Hawainuki. Migongo inawatetemeka.

"Ndiye huyo," anasema Meneja Namgung, kichwa kikiwa usawa wa magoti. "Ndiye aliyetuacha hivi tangu jana." Mdomo ni wake, lakini sauti ni ya yule mtafsiri.

"Si mimi, ni umeme," nikajitetea.

"Umeme ni wenu," anasema dada wa mapokezi, mwembamba, hereni zinaning'inia, na sauti ni hiyohiyo nzito. "Huku kwetu haukatiki."

Niliona aibu, jamani, nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni. Bwana Pyo yuko mbele ya wote, jasho linamtiririka puani na kudondoka sakafuni. Ananitazama kwa kuinua macho tu. "Samahani kwa kukusumbua," ananiambia. "Naomba ruhusa nijikune."

Hebu niambieni ninyi. Mtu umelelewa vizuri, umewakuta watu wanataabika hivyo, utasema nini? Nikasema ambalo kila mmoja wenu angesema.

"Poleni na kazi."

Wakanyooka wote kwa mpigo mmoja. Migongo ikalia. Nikadhani nimewaokoa, hata nikatabasamu kidogo. Kumbe kunyooka kule hakukuwa kwa shukrani. Dada wa mapokezi anashika kichwa kwa mikono miwili, anaanza kulia. Mwingine anavua tai, anaikunja, anaitia mfukoni. Meneja Namgung ameamka kabisa, kitu ambacho hajawahi kufanya tangu tamthilia ianze.

"Kazi imefanya nini?" ananiuliza.

"Haijafanya kitu. Nimewapa pole tu."

"Mtu akipewa pole na msiba, amefiwa?"

"Amefiwa."

"Akipewa pole na ajali, amepata ajali?"

"Amepata."

"Na wewe umekuja kutupa pole na kazi."

Maisha yangu yote nimelisema neno hili, kwa wafagiaji, kwa mafundi, kwa askari wa barabarani, na sikuwahi kuulizwa. Jaribuni ninyi kulieleza mkiwa mmezungukwa na Wakorea wanaolia.

"Umesema poleni," meneja anaendelea. "Ina maana ni wote?"

"Si wote!" nikapiga kelele. "Wote wapi, si wote!"

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwa sababu kama si wote, basi ni mmoja. Nikawaona wanavuta pumzi, halafu wanaanza kutazamana, na kila mmoja anapima mwenzake kwa jicho la pembeni. Najua jicho lile. Tulilitumia ofisini Ijumaa mchana kutwa.

Mashine ya fotokopi pale kona ikakohoa. Nikaitambua sauti. Mtafsiri yumo humo ndani, maana taa ya kijani inawaka kila anapovuta pumzi.

"Watazamaji, hapa naomba niwaeleweshe," anasema. "Kwenye kampuni hii mtu haambiwi kwamba kazi imekwisha, wanaona soni. Kila mfanyakazi ana ndala zake chini ya meza. Siku yake ikifika, anazikuta zimegeuzwa, zinatazama mlangoni. Anazivaa, anaondoka. Na akipewa pole akajibu asante, ndiyo imetoka hiyo, hairudi."

"Wewe ndiye umetafsiri vibaya!" nikamwambia.

"Mimi nasema ninachosikia, dada. Tuendelee na mambo matamu."

Nikakumbuka kwamba hata mimi nina ndala kazini, chini ya meza, maana viatu vya ofisini vinaniua vidole. Za bluu. Mkanda wa kulia ulikatika, nimeubana kwa pini. Moyo ukaanza kunienda mbio, nikaukaripia, nikauambia hii ni ofisi ya watu.

Wote wanatazama chini. Ndala za Meneja Namgung zinanong'onezana. Ya kushoto inataka kwenda, imechoka, inasema ina shamba Turiani. Ya kulia inakataa, ina watoto wanasoma. Ndala za dada wa mapokezi zimekumbatiana. Halafu, bila kelele yoyote, ndala za Bwana Pyo zinaanza kugeuka. Polepole, kama mgonjwa anayejigeuza kitandani. Zikatazama mlangoni, zikatulia.

Bwana Pyo akaziona. Akatabasamu lile tabasamu lake la kuomba radhi, ambalo wiki nzima limenichekesha mpaka machozi. Safari hii sikucheka. Nilitaka kulia kabisa.

Simu yake ikaita. Mama yake.

"Mkurugenzi, umeshawafukuza wavivu?" sauti ya mtafsiri ikauliza kutoka kwenye mashine.

"Tupo kwenye zoezi hilo, mama," akajibu Bwana Pyo, na mkono wake mmoja ukawa unakusanya vitu vyake mezani. Kikombe. Mswaki. Kimche cha mlangilangi kwenye kopo.

"Mpe pole yake amalize," Meneja Namgung ananiambia. "Usimtese."

"Simpi ng'o!"

"Ulishampa," ananiambia Bwana Pyo kwa upole. "Imebaki mimi kujibu. Mama yangu alinifundisha, mtu akikupa pole, usimwache hivihivi." Na nikaona midomo yake inajipanga. "Asa..."

Nikamrukia, nikamziba mdomo kwa kiganja. Haikusaidia. Neno linatokea kwenye fotokopi. "Asa... asa..." inasema mashine, na taa ya kijani inakaza mwanga. Nikakimbia. Ile ofisi yetu ni ndogo, hatua chache umeimaliza, lakini sasa magunia ya mbegu yamekuwa mengi na yote yananiuliza nakwenda wapi. "Kazini!" nayaambia. "Kazini, nipisheni!" Nikafika, nikashika waya, nikachomoa.

Kimya.

Midomo ya watu wote inacheza, hakuna sauti. Meneja ananifokea kwa nguvu zake zote na sisikii kitu. Mle ndani mwenye sauti nimebaki mimi peke yangu, na mimi, kama mnavyonijua, mbele ya wakubwa huwa sina la kusema zaidi ya "sawa, bosi".

Mlango ukafunguka. Mwenyekiti anaingia, Wakorea wote wanainama upya, masikini. Ana suti ya Kikorea na uso wa mzee Kalolo. Hamwangalii mtu. Anaitazama feni. Ananyoosha kidole kwenye ndala, kisha kwenye mlango. Nikamwelewa bila mtafsiri. Lazima pea moja itazame nje, ndipo mwenyekiti atoke.

Nikageuka kumtafuta Bwana Pyo, nikakuta pale aliposimama meza si yake tena, ni yangu. Kalenda yangu ya mbegu za alizeti. Stuli yangu iliyovalishwa foronya. Chini ya meza, pembeni ya ndala za Bwana Pyo, zipo zangu za bluu, zinatazama ndani, zimetulia kama hazihusiki.

Mimi si shujaa, msije mkanisifu bure. Nilitaka kunyamaza. Nilikuwa nimeshaanza kunyamaza. Nilijisemea Bwana Pyo ni mtu wa kwenye televisheni, atapata kazi tamthilia nyingine, na mimi nina mdogo wangu chuoni Tabora anayenitegemea kwa kila kitu. Nikajikaza kisabuni, nikayatoa macho yangu kwake, nikaanza kuitazama feni na mimi.

Ila simu ya Bwana Pyo ilikuwa bado hewani. Ikatoka sauti ya mwanamke mzee, ya kwake mwenyewe, nyembamba, imekwaruza. Kikorea chenyewe, nakisikia kwa mara ya kwanza. Sikuelewa hata neno moja. Lakini nilijua anamuuliza kama amekula.

Roho ikaniuma vibaya sana. Nikainama. Nikainama hasa, kule kuinama kwa Kikorea, paji la uso likagonga meza, na kwa mikono yangu miwili nikazigeuza ndala zangu za bluu zikatazama mlangoni. Zilikuwa nzito ajabu. Za Bwana Pyo zikarudi ndani zenyewe, chap, kama zilikuwa zinasubiri hilo tu.

Mwenyekiti akaikubalia feni kwa kichwa, akatoka.

Bwana Pyo amenigeukia. Anainama, anazidi kuinama, mpaka nywele zake zinagusa vidole vya miguu yangu. Anapoinuka macho yamemlowa. Anasema kitu, sauti haipo, lakini midomo naisoma vizuri tu.

"Pole na kazi, Nasikiwa."

Na mimi nimelelewa vizuri. Mtu akinipa pole, simwachi hivihivi. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Asa..."

Nikaamka. Nimejiuma ulimi.

Kumeshapambazuka, jogoo wa jirani anawika, umeme umerudi, televisheni imejiwasha yenyewe na picha imesimama. Rimoti iko juu ya kabati, sijaigusa. Jana picha ilikata watu wote wameinama, nilikuwa nawaangalia kwa macho yangu. Sasa wamenyooka. Bwana Pyo amekaa mezani kwake, simu sikioni, mdomo umejaa tambi, na kimche chake cha mlangilangi kipo palepale pembeni. Nilifurahi, jamani. Nikapiga makofi peke yangu sebuleni. Amebaki! Amekula!

Simu yangu ikatoa mlio. Ni mzee Kalolo. Miaka yote hii mzee Kalolo hajawahi kuniandikia zaidi ya kuuliza funguo za stoo ziko wapi.

"Nasikiwa, habari za asubuhi. Pole na kazi."

Basi, hakuna kingine. Leo Jumapili. Nipo nyumbani na kanga, sina kazi yoyote ninayofanya. Nikaisoma, nikairudia, nikaweka simu kifuani. Nilipoitazama tena nikakuta kidole changu, kwa mazoea yake, kimeshaandika "Asante, bosi". Bado tu kutuma.

Nikajiambia, Nasikiwa, tulia, kanywe maji kwanza. Nikashusha miguu kutoka kwenye kochi, nikapapasa chini nitafute ndala za nyumbani, zile nyekundu. Miguu ikagusa ndala. Mguu wa kulia ukachomwa na kitu.

Nikainama kuangalia. Ni pini. Ndala ni za bluu, zile nilizoziacha Ijumaa chini ya meza yangu, ofisi nikafunga kwa ufunguo mwenyewe. Zimekaa sambamba, safi, zinatazama mlangoni.

Nikaichukua simu, nikaifuta ile asante, herufi moja baada ya nyingine. Kisha nikaziokota ndala, nikaziweka juu ya kochi, nikazikalia.